Kinywa cha Mjukuu Wangu

Kwetu bibi hamwachi mjukuu alie. Mama yake akienda shambani au sokoni, bibi humfunga mgongoni. Akizidi kulia, humpakata na kumpa ziwa. Halina maziwa, na kila mtu anajua halina, hata mtoto mwenyewe. Atanyonya kidogo, ataguna kwa hasira ya kudanganywa, kisha atalala. Ndivyo bibi yangu alivyonituliza mimi, na ndivyo nilivyomtuliza binti wa mwanangu, mjukuu wangu wa kwanza, tangu alipokuwa na miezi mitano.

Mwanangu alikuwa kwenye machimbo, mbali msituni. Mke wake aliishi nasi hapa Kashebere, na siku za soko alipanda pikipiki kwenda kuuza sabuni na chumvi vijiji vya jirani. Mimi nauza mawese. Kazi yangu naifanyia nyumbani, kwa hiyo mtoto alikuwa wangu kutwa nzima, na siwezi kusema uongo, nilimpenda kuliko nilivyowapenda niliowazaa. Wale niliwalea nikiwa na haraka.

Uvimbe niliukuta nikioga, kwenye ziwa la kushoto. Ulikuwa mdogo na mgumu kama kokwa la chikichi, na haukuuma. Nilimwambia mume wangu. Mume wangu akapanda kilimani kutafuta mtandao, akampigia dada yake aliyeko Walikale.

Lazima nieleze habari za huyu wifi yangu. Ndiye mzaliwa wa mwisho kwa mama yao, lakini ukoo mzima unamwogopa. Anajua majani, anajua nani alimkosea nani kabla sisi hatujazaliwa, na akiingia nyumbani kwako hukaa kwenye kiti chako. Alifika siku ya nne, amelowa mvua, na mfuko wa majani kichwani. Akanishika ziwa mbele ya mkamwana wangu, mama wa mtoto, akalibonyeza, kisha akamtazama mtoto aliyekuwa akitambaa kando ya mafiga. Akasema ni yule. Mtoto amelicheulia ziwa.

Kama hukukulia kwetu, jambo hili ni hivi: mtoto akibeua huku ziwa liko kinywani, watu husema ile pumzi huingia ndani ya ziwa na kuligandisha. Mama yangu aliamini hivyo. Mimi mwenyewe niliamini, tena nilikubali haraka. Nataka niseme hilo wazi, maana siku hizi watu hunihurumia kana kwamba nililazimishwa. Hakuna aliyenilazimisha. Kulikuwa na neno jingine la ugonjwa nililokuwa nikilisikia redioni, na kinywa cha mtoto kilikuwa chepesi kukibeba kuliko neno lile.

Wifi yangu alipasha majani juu ya makaa na kunikanda nayo asubuhi na jioni. Mtoto alikatazwa kunikaribia. Miezi ikapita, minne na zaidi. Kokwa likawa limao, na ngozi juu yake ikaingia ndani kama kitovu. Kila lilipokua, mtoto ndiye aliyezidi kulaumiwa. Mkamwana wangu alikuwa akimpiga mgongoni abeue hewa hata kama hajala kitu, na yeye mwenyewe hakusema neno, maana bibi harusi wa miaka miwili ana neno gani mbele ya wifi wa mama mkwe? Mwishowe wifi yangu alikata shauri: atampeleka mtoto Walikale pamoja na mama yake, amwachishe kunyonya, na amsafishe kinywa kwa majani machungu kila asubuhi mpaka kipoe.

Siku waliyoondoka, mtoto alinyoosha mikono miwili kuelekea kwangu kutoka kwenye pikipiki. Nilikuwa nimeambiwa nisimtazame. Nikageuka, nikatazama ukuta wa jikoni mpaka mlio wa pikipiki ukaisha. Katika yote nitakayosimulia, hilo ndilo ninalolionea aibu hadi leo.

Aliyenizindua ni adui yangu wa biashara. Ni mama mmoja kutoka Butembo, mwenye depo ya jumla hapa Kashebere, Mkatoliki wa misa ya kila asubuhi na mbishi wa bei kuliko shetani. Kwa miaka sita tulikuwa tukigombana kila siku ya soko juu ya mafuta yangu. Siku hiyo nilishusha bidoni la mafuta kwa mkono wa kulia peke yake, akaniuliza lini mkono wa kushoto ulistaafu. Nikamweleza habari ya mtoto kucheua. Nilitegemea atanipa pole, kisha apunguze bei akiona nimelegea.

Alifunga mlango wa depo mchana kweupe, wateja wakigonga nje, akafungua vifungo vya blauzi. Upande mmoja wa kifua chake ulikuwa bapa, na kovu limelala juu yake kutoka katikati hadi kwapani. Ndani ya sidiria alikuwa ameshonea kifuko cha kitambaa kilichojaa mtama. Miaka sita nilimkazia macho usoni nikitafuta uongo wa bei, na sikuwahi kuona kilichokuwa chini kidogo ya uso.

"Yako iko inakuuma?" akauliza.

Nikamjibu haiumi hata kidogo, nikasema hivyo kwa kujigamba.

"Ni ile njo niko naogopa, Mama. Yangu pia haikukuwa inauma. Enda ku hospitali hii wiki, usingoje ingine."

Akafunga vifungo, akafungua mlango, na akanilipa mafuta kwa bei niliyotaja mimi. Hapo ndipo nilipoogopa kweli.

Tulikwenda mimi na mume wangu, kwanza kwa pikipiki kupitia milima ya Masisi yenye ng'ombe na baridi, kisha kwa gari hadi chini ufukoni mwa ziwa. Mume wangu si mtu wa maneno. Njia nzima alisema mambo matatu, na mawili yalikuwa ya kumwambia dereva apunguze mwendo. Tulifikia Kirotshe kwa jamaa za yule mama wa depo, na kutoka hapo nilipelekwa kwenye hospitali aliyotibiwa yeye. Daktari alikuwa wa umri wa mwanangu. Niliona haya kuvua nguo mbele yake, nikamuuliza kama mama yake anajua kazi anayofanya. Akacheka, akanipima, akachoma sindano na kutoa kipande kidogo cha nyama, kikapelekwa mjini kuchunguzwa. Tukangoja wiki tatu tukila samaki wa watu.

Majibu yakarudi: kansa. Kwetu neno hilo ukiambiwa ni kama umekwisha kusomewa misa. Nililia pale pale, na kilio changu si cha kistaarabu. Daktari akangoja nimalize. Kisha akasema umechelewa, Mama, lakini hujachelewa mno. Mapafu na ini, kwa jinsi picha zilivyoonyesha, yalikuwa salama. Na akasema kitu ambacho sikuwahi kukisikia kikisemwa juu ya ugonjwa huu: kwamba nina njia za kuchagua.

Alizieleza polepole, akichora kwa kalamu kwenye bahasha. Njia moja ni kutoa ziwa lote pamoja na tezi za kwapani, hapo hapo hospitalini, mapema. Nyingine ni kukata uvimbe tu na kuacha ziwa, lakini hiyo inadai miale ya mashine baadaye, kila siku kwa wiki kadhaa, na mashine hiyo kwetu haipo. Ni kusafiri mbali sana na kukaa huko. Kila njia ingefuatwa na dawa za kutundikiwa kwenye mshipa. Na kwa kuwa nyama ilionyesha kwamba kansa yangu inalishwa na homoni za kike, nitameza kidonge kila siku, miaka mitano au zaidi. Nikambana kama ninavyombana mnunuzi: ipi ni ya uhakika? Akasema kisu kidogo chenye miale na kisu kikubwa vinaweza kuponya karibu sawasawa. Hatari ni kufanya kisu kidogo halafu usiifikie ile miale. Hata kwa kisu kikubwa wako wanaohitaji miale, ila hilo litajulikana nyama yote ikishapimwa. Uamuzi ni wangu.

Nilitaka kubaki na ziwa langu. Sikuwa na sababu ya kupendeza ya kutoa. Lilikuwa langu, basi.

Tulipokuwa tunainuka, mume wangu akabaki ameketi. Akavua kofia.

"Docta, iko swali moja. Mutoto wa kunyonya anaweza kuleta hii ugonjwa na kinywa yake?"

"Hapana, Papa. Hakuna mutoto anaweza kuleta kansa ju ya kunyonya, ao ju ya kucheua."

"Basi utuandikie ile. Na uweke kashe, muhuri yako."

Daktari alidhani ni mzaha. Lakini kwetu jambo lisilo na karatasi ni uvumi, na karatasi isiyo na muhuri ni ya kufungia karanga. Mbuzi akisafiri ana karatasi, maiti ana karatasi, na mtu akipoteza karatasi hupewa karatasi ya kusema amepoteza karatasi. Mume wangu hangeenda mbele ya dada yake mikono mitupu. Daktari akamtazama usoni, akaacha kucheka, akachukua karatasi safi. Akaandika kwa Kiswahili kwamba yeye, daktari, anashuhudia kuwa ugonjwa wa ziwa la mama huyu haukuletwa na kinywa cha mjukuu wake, na kwamba mtoto huyo hana kosa. Mume wangu akaomba asomewe. Kisha akaomba kiongezwe kitu: wala ugonjwa kama huu hauletwi na kinywa cha mtoto mwingine yeyote, wa sasa au wa zamani. Nikaona aibu. Nilidhani ni ule ukaidi wa wanaume wakikutana na ofisi. Daktari akaongeza, akapiga muhuri, na kwa heshima akaupiga mara mbili.

Karatasi ile ndiyo iliyoniamulia. Nikiwa nimekaa ufukoni Kirotshe nilihesabu jinsi miale ile ya mbali ingekula miezi yangu, na mtoto alikuwa Walikale akinyweshwa uchungu kila asubuhi kwa kosa ambalo mimi nililikubali kwa niaba yake. Nilikuwa na mtu wa kumwomba msamaha, mwenye meno manane. Kesho yake nikamwambia daktari atoe lote. Wifi yangu alipiga simu kusema kisu huamsha ugonjwa uliolala. Mume wangu akaishika simu mbali na sikio mpaka salio likaisha.

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Nilikatwa, nikaamka na kiu kali na mrija ubavuni. Siku ya tatu muuguzi akanishikia kioo, nikajitazama. Sikulia. Nilikasirika, na sikujua nimkasirikie nani, basi nikamkasirikia muuguzi kwa sababu kioo chake kilikuwa kidogo. Nyama ilipopimwa, tezi za kwapani zilikuwa safi, na daktari akasema miale haihitajiki kwangu. Siku hiyo nilikula sahani mbili za wali.

Dawa za mshipa nilitundikiwa mjini, mara sita, kila baada ya wiki tatu. Sitazisifu. Chakula kilikuwa na ladha ya msumari, na nywele zilibaki kwenye mto. Mume wangu alirudi Kashebere kuuza mawese badala yangu, na kwa kuwa hana moyo wa kupima sawasawa alijaza kila chupa hadi ikamwagika. Wateja wakaongezeka ajabu. Hadi leo wako wanaouliza lini Papa atarudi sokoni. Yule mama wa depo alikuja kunitazama mjini na kifuko alichonishonea mwenyewe. Akasema ametia mtama wa daraja la pili, maana mafuta yangu pia ni ya daraja la pili. Nilicheka mpaka kovu likaniuma, na nikajua sitakufa mwaka ule.

Nilipomaliza dawa na kuanza vidonge, tulikwenda Walikale. Ni siku mbili kwa pikipiki, mvua ikikubali. Tulifika Jumamosi. Mtoto alikuwa uani, sasa anatembea, anakimbia, na watoto wa jirani walikuwa wakimwita Kinywa Moto. Alikuwa akiitika. Hilo lilinichoma kuliko kisu: aliitika kama mtu anavyoitika jina lake. Nilipomwita mimi, aliona mwanamke mwembamba asiye na nywele, akakimbilia nyuma ya wifi yangu na kujificha kwenye kitenge chake.

Jumapili baada ya ibada, mume wangu alikusanya ukoo. Alitoa karatasi, na badala ya kumpa shemasi aisome, akampa mkamwana wetu. Yule msichana ambaye hakuwa amesema neno mbele yetu kwa miaka mitatu alisimama akasoma. Mwanzo alisoma kwa sauti ya chini. Alipofika kwenye "mtoto huyo hana kosa" aliurudia mstari mzima kwa sauti ya kusikika barabarani. Nikapiga magoti mbele ya mtoto pale alipokuwa amejificha, nikamwomba msamaha mbele ya wote. Alinitazama kichwa, akauliza nywele ziko wapi. Nikamwambia zinarudi. Akaonekana kuridhika, ingawa hakutoka kwenye kile kitenge.

Nilikuwa nimejiandaa kwa vita na wifi yangu. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, na mengine hayakuwa ya Kikristo. Lakini yeye aliomba apewe ile karatasi. Hajui kusoma. Akaugusa muhuri kwa kidole gumba, wa kwanza, kisha wa pili, akamrudishia mkamwana wangu na kumwambia asome tena ile sehemu ya mwisho. Msichana akasoma: wala ugonjwa kama huu hauletwi na kinywa cha mtoto mwingine yeyote, wa sasa au wa zamani.

Wifi yangu akamgeukia mume wangu.

"Na miye, kaka?"

"Na weye," mume wangu akasema. "Ni weye njo niliandikishia. Mama hakufa ju ya kinywa yako."

Miaka thelathini na mmoja ya ndoa, na sikuwa nimeambiwa. Nilijua mama yao alifariki wakati wifi yangu bado ananyonya. Sikujua alifariki kwa uvimbe wa ziwa, wala kwamba ukoo ulikata shauri ni kile kichanga kilichomcheulia, wala kwamba alikua akiitwa mla mama, akioshwa kinywa kila asubuhi kwa majani yale yale, na yule kaka yake akitazama kwa sababu naye alikuwa mtoto. Mwanamke niliyemwogopa na kumchukia alikuwa amebeba kifo cha mama yake kinywani kwa zaidi ya miaka hamsini, na alipomchukua mjukuu wangu alidhani anamwokoa mapema, kabla mtu hajafa.

Alikaa chini, pale pale kwenye udongo, yeye asiyekaa ila kwenye kiti cha mwenye nyumba. Hakupiga kelele za kilio. Mtoto, ambaye alimzoea kuliko sisi wote, akaja akamkalia mapajani na kumpangusa uso kwa viganja vichafu. Mimi nikaenda nikakaa kando yao. Maneno yote niliyoyapanga yalikuwa yamenitoka, nami sikuyatafuta.

Mtoto tulirudi naye Kashebere pamoja na mama yake, na sasa ananisaidia kumeza kidonge kila asubuhi, yaani ananikodolea macho mpaka kishuke. Ni mwaka wa tatu sasa, na daktari anasema niko salama kwa kadiri anavyoona. Karatasi haikurudi nasi. Wifi yangu aliifunga kwenye pindo la kitenge chake, na watu wanaotoka Walikale wananiambia kwamba bado humwita mtoto yeyote wa shule anayepita, humpa kipande cha muwa, na kumwomba amsomee.